Asema Njoo, Kisha Auma: Kisa cha Kasuku Mzima Katika Nyumba Mpya Mombasa

Kisa hiki nakiandika kwa wanaopewa kasuku aliyekwisha kulelewa na watu wengine. Kinda ana mambo yake; huyu mzima huja na mazoea, woga na maneno ya nyumba aliyotoka. Majina, mtaa na alama nyingine za kuitambulisha familia nimeziondoa. Mimi ni mhudumu wa afya ya mifugo. Kazi yangu ya kila siku ni mbuzi, kuku na ng'ombe wa maziwa, na kasuku huniangukia kwa sababu kisiwani wanaowajua ndege wa tunduni ni wachache.

Usuli

Familia inakaa ghorofa ya pili, kisiwani Mombasa. Baba anafanya kazi bandarini kwa zamu, mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Wana binti wa miaka 14 na mvulana wa miaka 9. Mama mzaa baba yuko nao; watoto humwita Nyanya, nami nitamwita hivyo hivyo. Kasuku tutamwita Dura.

Dura ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, wale wanaosifika kwa kusema. Si ndege wa pwani huyu. Kwao ni misitu ya Afrika ya magharibi na ya kati, na ukingo wa mashariki wa eneo lao ni magharibi mwa Kenya, huko Kakamega. Kasuku wa porini tunayemwona pwani ni mwingine, mdogo, wa kijani. Wa kijivu wamenaswa na kuuzwa mno, hata mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 ukawaingiza katika Kiambatisho cha Kwanza, orodha yenye ulinzi mkali kuliko zote, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya ndege waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Hapa Kenya huwezi kumweka mmoja nyumbani bila kibali cha KWS, shirika la serikali linalosimamia wanyamapori. Familia ilikwenda ofisini kuuliza habari ya kibali kabla tundu halijabebwa, jambo ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamekwisha kuchelewa.

Mwenyewe wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa mtaa mwingine, aliyeugua muda mrefu kisha akafariki. Mjane wake alikuwa anahamia kwa mwanawe nje ya nchi na hakuweza kwenda na ndege. Maelezo aliyoyatoa yalikuwa mafupi: ana miaka 11, mpole, ana maneno mengi, chakula chake alizeti na mkate wa kuchovya chai. Umri huo hakuna wa kuuthibitisha. Jicho la kasuku wa kijivu huwa jeusi utotoni, likapauka, kisha likawa la manjano anapokomaa. Likishakuwa la manjano, ndege wa miaka 5 na wa miaka 25 huwezi kuwatenganisha kwa macho. Wala dume na jike hawajulikani kwa kutazama. Dura anaitwa dume kwa mazoea tu.

Kitu kimoja hakikutajwa. Kifuani alikuwa na kipara, ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini.

Wiki za mwanzo

Alifika Agosti. Tundu likawekwa ukumbini, katikati, karibu na dirisha la barabarani, ili achangamke na kila mgeni amwone. Nyuma yake watu wanapita, mbele televisheni, juu pangaboi. Kunguru walikuwa wakitua kwenye ukingo wa dirisha na kumchungulia. Alikaa kimya, akila kidogo sana, na usiku televisheni ilibaki inawaka mpaka baba arudi zamu.

Siku ya tatu au ya nne, mama yuko jikoni, akasikia sauti ya mzee ikipiga hodi. Akajibu karibu, akafunga leso, akaenda mlangoni. Hakuna mtu. Hodi ikarudiwa nyuma yake, ikafuatiwa na kikohozi kizito cha mtu mgonjwa. Ni Dura.

Baada ya hapo nyumba ikawa haina utulivu. Majirani walikuja, watoto wa madrasa walikuja, kila mtu akitaka kusikia hodi ya marehemu. Na Dura alikuwa na neno lililowavutia kuliko yote: mtu akilisogelea tundu, alisema kwa sauti ile ile ya kizee, tartibu, "Njoo, njoo."

Mvulana alisogea, akapenyeza kidole. Dura alikishika akakikamata. Mdomo wa kasuku wa kijivu huvunja kokwa. Kidole kilichanika mpaka kikahitaji kufungwa bendeji. Siku chache baadaye ikawa zamu ya mama, alipokuwa akibadilisha maji: "njoo" ikasemwa, mkono ukaumwa. Mama alipiga ukelele na kulipiga tundu kwa mwiko. Dura akapiga ukelele kama wa mama, barabara, na watoto wakacheka.

Nyanya alikuwa amekwisha kutoa hukumu. "Yuwasema njoo, kisha yuwauma. Huyu mnafiki."

Wakati huo huo mama alisoma mahali kwamba alizeti tupu humharibu kasuku, jambo ambalo ni kweli. Akazitoa zote siku moja na kuweka sukuma wiki, karoti na papai. Dura hakugusa. Bahati nzuri binti alikuwa ameanza kumpima kwa mizani ya jikoni kila asubuhi, akimvutia juu yake kwa punje ya alizeti aliyoificha mkononi. Vipimo hivyo akaviandika kwenye daftari la shule. Gramu 430 zilishuka mpaka 398.

Kisha ukaja usiku wa Ijumaa. Nyanya, kama ilivyo ada yake, aliwasha chetezo baada ya Magharibi, akatia udi na ubani, akafukiza nyumba nzima na kumalizia ukumbini, hatua mbili kutoka kwenye tundu. Baada ya muda mfupi Dura alikuwa amekaa chini kwenye sakafu ya tundu, mdomo wazi, mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi. Binti ndiye aliyeona. Walilibeba tundu mpaka juu ya nyumba wanapoanika nguo, wakakaa naye penye upepo mpaka mkia ukatulia. Asubuhi yake nikapigiwa simu.

Nilichokiona

Niliomba nisiingie ukumbini. Nilikaa mlango wa jikoni, nikamwambia binti afanye kama kila siku: aende akamsalimie.

Alianza kutembea. Akiwa mbali, Dura alikuwa amefura kidogo, mguu mmoja ameukunja tumboni, anasaga mdomo taratibu. Huyo ni ndege aliyetulia. Binti alipofika katikati ya ukumbi mguu ulishuka. Hatua moja zaidi, manyoya yote yakabana mwilini, akaonekana mwembamba na mrefu, shingo juu. Hatua nyingine, akaegemea nyuma mpaka mkia ukagusa nyaya. Mboni za macho zikaanza kusinyaa na kupanuka, kusinyaa na kupanuka, haraka. Na hapo hapo, akiwa amejikunyata hivyo, akasema: "Njoo, njoo."

Nilimwambia binti asimame, arudi hatua mbili, ageuze uso. Manyoya yakalegea. Alipopiga hatua mbele tena, yakabana, na "njoo" ikatoka tena.

Nyanya alikuwa kwenye kiti chake akivuta tasbihi, akiangalia yote. "Kwa hivyo hamwiti?" akaniuliza.

"Hamwiti, Nyanya. Anamwogopa."

Jioni yake mama alimpigia mjane simu, akamwuliza hilo neno lilitoka wapi. Jibu likawa jepesi. Marehemu alikuwa akipenda kuwaonyesha wageni ndege wake. Kila mtu aliposogea kwenye tundu, mzee alisema "njoo, njoo", akimwita mgeni aje karibu aone. Miaka yote hiyo Dura alisikia neno hilo katika hali moja tu: mtu asiyemjua anakuja, anaegemea, anapenyeza kidole. Kwake neno lile lilikuwa limefungamana na kusogelewa na wageni. Alipoona mtu anakuja, alisema kile kinachosemwa watu wanapokuja.

Mjane aliongeza jambo jingine bila kuulizwa. Kipara cha kifuani kilianza mzee alipolazwa. Wakati ule Dura alikuwa akibaki peke yake siku nzima katika nyumba iliyofungwa madirisha.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza lilikuwa chakula, kwa kuwa uzito haungoji. Kasuku wa gramu 430 akipoteza gramu 43, yaani sehemu moja ya kumi, ni wa kukimbizwa kwa daktari; huyu alikuwa amepoteza 32. Ndege huficha ugonjwa mpaka anaposhindwa kuuficha, kwa hiyo mizani husema mapema kuliko macho. Alizeti zilirudishwa zote. Kinyesi kilipelekwa kupimwa, na nikazungumza kwa simu na daktari wa wanyama wa Nairobi aliyezoea ndege; hakuna maradhi yaliyopatikana. Uzito ulipotulia ndipo mboga zikaanza kuingia kidogo kidogo: boga lililochemshwa na kupondwa, alizeti zikiwa zimebandikwa juu yake, ili mdomo ukizifuata upate na boga. Baadaye karoti, sukuma wiki, viazi vitamu vya rangi ya machungwa, mbegu za papai. Pilipili mbichi alizipenda upesi, kwani ndege hahisi ukali wake. Sababu ya jitihada yote hii ni kwamba alizeti zina mafuta mengi, lakini kalsiamu na vitamini A ni haba, na kasuku wa kijivu kuliko kasuku wengine huanguka kifafa kwa upungufu wa kalsiamu. Parachichi, chokoleti, kahawa na vyakula vya chumvi vilipigwa marufuku. Chai pia, ingawa Dura aliililia kwa muda mrefu.

Karanga nazo tulizikataa. Kwa unyevu wa Mombasa karanga hushika ukungu kabla hujauona, na ukungu huo una sumu inayoharibu ini. Chembe zake zikiingia kwenye vifuko vya hewa vya ndege huleta maradhi mengine yasiyotibika kirahisi. Zawadi ikawa kipande kidogo cha korosho zilizokaangwa bila chumvi.

La pili lilikuwa moshi, na hili lilikuwa gumu kuliko yote kwa sababu halikuwa suala la ndege peke yake. Udi katika nyumba ile ni wa Nyanya, na Nyanya ndiye mkubwa wa nyumba. Mama hakuweza kumwambia mkwewe aache, wala mimi sikutaka. Nilimweleza jinsi ndege anavyopumua. Sisi hewa huingia na kutoka kwa njia moja. Ndege ana vifuko vya hewa mwilini vinavyoisukuma hewa ipite mapafuni kuelekea upande mmoja tu, na anapata hewa mpya akivuta pumzi na akitoa. Ndiyo maana anaweza kuruka bila kuishiwa pumzi, na ndiyo maana moshi unaotukera sisi kidogo, yeye unamwangusha. Nyanya alisikiliza, kisha akauliza swali lililotatua jambo: "Upepo watoka wapi?"

Ilikuwa ni kusi bado. Upepo wa kusi huingia nyumba ile kwa vyumba vya mbele na kutokea nyuma, chumbani kwa Nyanya. Tukamhamishia Dura chumba kidogo cha mbele, kilichokuwa cha kupigia pasi. Udi ukawa unafukizwa chumbani kwa Nyanya, mlango umefungwa, dirisha wazi. Moshi ukawa unatoka nje bila kumpitia ndege. Kaskazi ilipoanza kuvuma mwisho wa mwaka mpango uligeuka, moshi ukawa unarudi ndani. Hapo Nyanya mwenyewe aliamua chetezo kipandishwe juu ya nyumba, nguo zifukiziwe huko, na binti akawa wa kukibeba. Dawa ya mbu ya kupuliza na ile ya kuchoma zilitoka chumba cha Dura. Kikaango kisichonata kilitoka jikoni kabisa: kikipata moto kupita kiasi hutoa gesi isiyoonekana inayoua ndege kwa dakika chache, na aliye jikoni asijue.

La tatu, mahali. Tundu likawekwa pembeni, kuta mbili nyuma yake, upande mmoja umefunikwa kwa leso kuukuu. Ndege anayewindwa na tai na mwewe porini hatulii mahali ambapo anaweza kujiwa kutoka pande zote. Usingizi ukawa wa muda wa saa 10 hadi 12 kila usiku, gizani. Wageni wakasimamishwa. Asubuhi alipandishwa juu na tundu lake apate jua, kwa kuwa jua linalopita kwenye kioo halimpi vitamini D. Mtu mmoja alikaa naye kwa sababu ya kunguru.

La nne, kumzoea. Binti alipewa kanuni moja: simama pale manyoya yanapobana, usivuke. Alikuwa akifika mpaka huo, anasimama kiubavu bila kumkodolea macho, anasubiri manyoya yalegee, anaweka kipande cha korosho kwenye kibakuli na kuondoka. Kuondoka huko ndiko kulikokuwa funzo lenyewe: Dura alikuwa amejifunza kwamba watu huondoka akiwauma, sasa alijifunza kwamba wanaondoka hata asipouma. Mpaka ukasogea wenyewe. Baada ya hapo kijiti cha mpera kikatumika badala ya mkono, apande, ashuke, apewe. Mtu akiumwa hakutakiwa kupiga kelele wala kulipiga tundu. Kelele kwa kasuku ni tamasha.

Pangaboi la chumba kile lilitolewa mapanga yake. Mama alipendekeza Dura akatwe mbawa ili asirukie dirishani. Tulibishana. Nilishikilia kwamba ndege mwoga ukimwondolea uwezo wa kukimbia, mdomo ndio pekee unaombakia. Baba akaweka wavu madirishani na mjadala ukaisha.

Mambo ambayo hatukuyatarajia

Wa kwanza kusogelewa na Dura kwa hiari yake hakuwa binti aliyefanya kazi yote. Alikuwa Nyanya.

Chumba cha pasi kina upepo mzuri, na Nyanya alikuwa amehamishia kiti chake huko baada ya Alasiri. Alikaa, akavuta tasbihi, hakumwangalia, hakumsemesha, hakumtaka kwa lolote. Kila siku saa ile ile, kiti kile kile. Siku moja Dura alishuka kutoka juu ya kijiti chake, akatambaa kwenye nyaya mpaka upande wa kiti, akainamisha kichwa na kufurisha manyoya ya kisogo. Hiyo ni namna kasuku anavyoomba akunwe. Nyanya alimkuna.

Ikawa mapenzi, na mapenzi yakaleta matatizo yake. Nyanya alikuwa akimpapasa mgongo mzima mpaka mkiani, kama mtu anavyompapasa paka. Wiki chache baadaye, Dura akaanza kutikisa kichwa juu chini na kumtapikia alizeti kiganjani. Nilipigiwa simu kwa hofu: "Njoo umwangalie, yuwatapika!" Ilibidi nimweleze, kwa adabu iwezekanavyo mbele ya watoto, kwamba hakuwa mgonjwa. Hivyo ndivyo kasuku anavyomlisha mwenzi wake, na kupapaswa mgongo ndiko kunakompa habari kwamba amepata mwenzi. Nyanya alicheka mpaka akajifunika uso kwa leso. Lakini Dura alikuwa amekwisha kuanza kumrukia binti kila alipokaribia kiti cha bibi yake, na safari hii macho yalikuwa ya hasira, mabawa yamenyanyuliwa. Kupapasa kukabaki kichwani na shingoni tu, na vipande vya korosho vikawa vinatoka kwa watu wengine, siyo kwa Nyanya. Ilipungua. Haikuisha.

Jambo la pili lilikuwa la ndugu wa marehemu. Habari ziliwafikia kwamba sauti ya mzee wao bado inapiga hodi, wakaomba kuja kuisikia. Baba aliona ni haki yao. Mama aliona ndiyo kwanza ndege ametulia. Wakaamua kurekodi kwa simu na kuwatumia. Mjane aliipokea rekodi, akashukuru, akaomba wasimtumie kile kikohozi tena.

Matokeo

Miezi saba baada ya kufika, Dura alikuwa gramu 441, anakula mboga kila asubuhi na alizeti kidogo jioni. Binti anamtoa kwa kijiti na mara nyingine kwa mkono. Kuumwa kumekuwa nadra, na kila mara mtu anaweza kusema alivuka wapi. Kipara kimefunikwa nusu. Nusu iliyobaki haijaota, na huenda vinyweleo vimeharibika moja kwa moja.

Kila Magharibi bado hupiga kelele kwa muda, na majirani wa chini wamelalamika. Kasuku porini huitana kundi likirudi kulala, kwa hiyo sikuwaahidi kwamba kelele hizo zitaisha. Mvulana hamsogelei kabisa. Mama humlisha lakini hamshiki. "Njoo, njoo" ipo, ila inasemwa mara chache, na sasa ina mwenzake: honi ya tuktuk, ambayo Dura huitoa binti anapovaa viatu vya shule.

Uchambuzi

Kosa la mwanzo la nyumba ile lilikuwa kuyaamini maneno na kutouamini mwili, na ni kosa ambalo kasuku wa kusema hututia ndani yake kwa urahisi. Angekuwa bata, hakuna ambaye angepenyeza kidole mbele ya ndege aliyejikunyata vile. Neno "njoo" kwa sauti ya mtu liliwafanya hata watu wazima waache kutazama. Na walipoumwa, wakatafuta maelezo ya kibinadamu: mnafiki, mjeuri, ana kisasi. Ukishamwita ndege mnafiki huna tena sababu ya kuangalia manyoya yake.

Sisemi kwamba kasuku hana akili ya maneno. Mtafiti Irene Pepperberg wa Marekani alifanya kazi na kasuku wa kijivu aitwaye Alex tangu mwaka 1977 mpaka ndege huyo alipokufa mwaka 2007, na Alex aliweza kutaja vitu, rangi, maumbo na hesabu ndogo kwa kujua anachokitaja. Lakini alifundishwa hivyo kwa mpango, kila neno na kitu chake. Kasuku wa nyumbani huokota maneno mwenyewe na kuyafunga kwenye hali alizoyasikia. Kwa hiyo swali la kuuliza nyumba iliyomlea ni hili: neno hili lilikuwa likisemwa wakati gani, na nini kilifuata? Simu ile moja kwa mjane ilifungua zaidi ya yote niliyoyafanya, na ingepigwa wiki ya kwanza kidole cha mtoto kingepona.

Kilichofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni daftari la binti. Bila hilo, tungekuwa tunajadili tabia huku ndege anakufa njaa mbele ya sahani ya sukuma wiki. Mama alikuwa na elimu sahihi kuhusu alizeti; kilichokosekana ni kujua kwamba kasuku wa kijivu huogopa kitu kipya kuliko anavyoogopa njaa. Wengi wamepoteza ndege kwa ushauri mzuri uliotekelezwa kwa siku moja.

Suala la udi lilifaulu kwa sababu mwenye udi aliachiwa alitatue. Nimeona nyumba nyingine ambako ndege na mkubwa wa nyumba waligombanishwa, na ndege akashindwa.

Kuhusu ndugu wa marehemu bado nina shaka. Ugeni mmoja, watu wawili, kwa utulivu, baada ya mwezi wa nne, sidhani ungemrudisha Dura nyuma sana. Familia iliamua kwa tahadhari, na mwenye ndege ndiye mwenye kuamua, lakini wafiwa nao walikuwa na haja yao.

Kilichoshindikana ni mvulana. Nguvu zote zilikwenda kwa ndege mwoga, na mtoto mwoga wa nyumba hiyo hiyo akaachwa. Hakuna aliyempa kazi ya mbali, kama kukata mboga au kusoma mizani, ambayo ingemweka karibu bila kumtaka aguse. Mama ameanza kumpa hilo la mizani sasa.

Limebaki la urithi. Kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri hufika miaka 40 hata 60, na Dura, kama ile 11 ni kweli, bado ni kijana. Nyanya ana miaka sabini na kitu. Binti anataka kwenda chuo Nairobi. Baba ameambiwa aandike sasa, wakati kila mtu yupo, ndege huyu atakwenda kwa nani, na pamoja na jina aandike anachokula, anachokiogopa, na "njoo" ilitoka wapi. Karatasi hiyo bado haijaandikwa.